Mibofyo Haichaji Gari: Rhonda Pruden na Orodha Yake ya Asubuhi

Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, na kipimajoto cha gari kinasoma nyuzi ishirini na tisa chini ya sifuri. Jua la Manitoba, huku Kanada, bado lina zaidi ya saa nzima kabla halijajitokeza. Rhonda Pruden anashuka katika maegesho ya duka la vifaa vya ujenzi, kaskazini mwa Winnipeg, anavuta kofia mpaka kwenye nyusi na kutembea moja kwa moja hadi kwenye kichuguu cha theluji kinachomzidi kimo.

Anakipiga teke. Kigumu kama ukuta.

"Humo ndani mna chaja mbili," anasema. "Nzima kabisa. Fungua simu yako sasa hivi, utaambiwa ziko wazi, karibu sana, dakika thelathini umemaliza. Haya, karibu. Ingia."

Anapiga picha. Anavua glavu moja kwa meno, anaandika kwenye simu kwa kidole gumba jina la barabara na onyo: "McPhillips: usiende. Kichuguu." Anaivaa tena haraka kabla kidole hakijafa ganzi.

Tingatinga la kusukuma theluji linakuja likiunguruma kutoka upande wa pili wa maegesho na kusimama karibu yake. Dereva anashusha kioo. Ni Nestor Magsino, anayesafisha maegesho ya maduka saba kabla hayajafunguliwa.

"Dada Rhonda! Bado hawajakufukuza?"

"Ijumaa."

"Basi leo bado wewe ni bosi. Huu mlima niupeleke wapi?"

"Popote pasipo na nguzo ya kijani, kaka Nestor. Nimekuambia tangu Januari."

"Na mimi nimekujibu tangu Januari. Mwenye duka ananilipa mlango wake uonekane. Nguzo zako hazinunui misumari."

"Zinanunua kahawa. Leta kikombe."

Nestor anacheka, anapandisha kioo na kurudisha tingatinga nyuma. Kwa dakika tano, ambazo anasema ni zake za mapumziko wala si za mwenye duka, anakimega kile kichuguu upande wa kushoto mpaka nguzo moja inatokeza, taa yake ya kijani ikiwaka kama vile haijawahi kupata taabu yoyote. Rhonda anafuta alichoandika na kuandika upya: "McPhillips: chimba. Chaja moja imeonekana."

Rhonda ana miaka arobaini na sita na ni mama wa mabinti wawili. Ni ofisa masoko wa mtandaoni wa Bisonvolt, kampuni yenye vituo thelathini na nane vya kuchaji magari ya umeme. Barua yake ya ajira inasema kazi yake ni matangazo: kuyaandika, kuyalipia, kuyapima. Theluji haikutajwa humo.

Ijumaa hii, saa nne asubuhi, anatakiwa kusaini karatasi ambayo itaiua orodha anayoituma kila siku kuwaambia madereva kituo kipi kinafikika na kipi kimefukiwa. Asiposaini, kazi hana.

"Sisaini," anasema huku akikwangua barafu kwenye kioo cha mbele. "Liandikwe mapema, wasije wakasema nilishtukizwa."

Yote yalianza kwa kosa, na kosa lilikuwa lake. Hamsingizii mtu.

Oktoba mwaka jana, Rhonda aliipa mashine ya matangazo amri moja. Kituo kikiwa kitupu, kitangazwe zaidi kwa watu walio karibu. Kikijaa, tangazo lipungue. Mtu yeyote wa masoko angeiona amri hiyo kuwa ya busara, kwa kuwa hakuna haja ya kupeleka magari kwenye foleni.

Novemba theluji ikaanguka, kama inavyoanguka kila Novemba. Wenye maduka walipoikaribisha Bisonvolt walikuwa wameipa kona za mbali za maegesho, zile ambazo hakuna anayezitaka. Na dereva wa tingatinga akitafuta pa kurundika theluji hutafuta kona ya mbali isiyo na gari. Hivyo chaja zikafukiwa, moja baada ya nyingine. Gari likishindwa kuifikia chaja, chaja inabaki tupu. Mashine ikaona ni tupu, ikaitangaza zaidi.

"Kadiri kituo kilivyozama, ndivyo nilivyozidi kukipigia debe," anasema Rhonda. "Nimezaliwa Selkirk, humu humu Manitoba. Theluji nimeanza kuikanyaga kabla sijajua kusoma. Halafu nakaa kwenye kiti cha ofisini, naandika amri ya mtu wa Florida asiyeijua theluji."

Ubaya wake ni kwamba takwimu zilipendeza. Desemba matangazo ya Bisonvolt yalipata mibofyo elfu arobaini na moja, idadi ambayo kampuni haikuwahi kuiota. Watu waliokuwa wakizunguka kutafuta chaja waliligusa tangazo, wakaenda, wakakuta kichuguu, wakarudi kwenye simu, wakagusa tangazo jingine. Mtu mmoja aliyekwama alihesabiwa kama wateja watatu wenye hamu.

Ofisini walimletea keki. Ilikuwa imeandikwa "Hongera Rhonda" kwa krimu ya kijani.

"Niliila," anasema. "Vipande viwili."

Tarehe tisa Januari, Edith Sigurdson alifika kituo cha Lundar akiwa na asilimia saba ya chaji.

Edith, mwenye miaka hamsini na minane, ni muuguzi anayetembelea wagonjwa majumbani katika vijiji vilivyo kati ya maziwa mawili makubwa. Siku hiyo alikuwa njiani kwenda kumfunga upya kidonda mzee anayeishi peke yake karibu na Ashern. Tangazo lilimkuta barabarani, kwenye simu iliyokuwa ikimwonyesha njia: chaja mbili wazi, nyuma ya duka la mbegu.

Alikuta mlima wa theluji wenye urefu wa mita tatu. Chini yake, anasema, aliona kijimwanga cha kijani.

"Nilidhani nimeanza kuona mazigazi," anasema Edith. "Nikauliza dukani, chaja iko wapi? Kijana wa kaunta akaninyooshea kidole kwenye ule mlima, tena bila kucheka. Nikajua sijachanganyikiwa."

Akapiga picha na kuiweka chini ya tangazo lenyewe, na maneno: "Nimefika. Chaja yenu iko wapi?"

Jibu lilikuja baada ya sekunde mbili. "Asante kwa kuchagua Bisonvolt! Tunakutakia safari njema!"

Jibu hilo lilikuwa la mashine. Maneno aliyatunga Rhonda, mwezi Septemba, siku ya joto.

Ilimchukua dakika hamsini kuona ile picha. Kufikia hapo watu mia mbili na zaidi walikuwa wameshaicheka. Alimpigia Edith simu.

"Akaniuliza, wewe ndiye mwenye tangazo? Nikasema ndiyo. Akasema, basi njoo na chepe, mdogo wangu."

Rhonda alikwenda. Ni mwendo wa saa moja na robo kutoka Winnipeg barabara ikiwa safi, na haikuwa safi. Alimkuta Edith amekaa dukani juu ya gunia la mbegu za alizeti, soli zake za mpira za kuzuia utelezi bado zimefungwa kwenye viatu, anakunywa supu ya kopo. Wakachimba wawili wao na yule kijana wa kaunta mpaka kebo moja ikapatikana. Mzee wa Ashern alifungwa kidonda akiwa amecheleweshwa kwa saa tatu.

"Hakufa," anasema Edith. "Lakini alikaa kwenye kiti mlangoni kwa muda wa saa tatu, na bandeji yake imelowa, kwa sababu aliogopa akienda kulala hatanisikia nikigonga. Nilimwambia Rhonda hivyo hivyo. Sikumpaka asali."

Jioni ile Rhonda aliifuta amri ya Oktoba. Hakuomba ruhusa. Asubuhi iliyofuata, saa moja kamili, akatuma orodha ya kwanza.

Aliyekulia jimbo hili ataitambua mara moja. Ni orodha ya redio. Siku ya dhoruba, kila nyumba husikiliza redio ya mjini kwao asubuhi ikisoma vilivyofungwa: shule fulani, basi fulani, chakula cha jioni cha kanisa fulani kimeahirishwa mpaka wiki ijayo. Hakuna muziki wala mbwembwe. Rhonda alifanya kazi katika redio moja ndogo kwa miaka kumi na moja baada ya kupata stashahada ya mawasiliano. Alikuwa akiuza matangazo ya matairi, na siku za dhoruba yeye ndiye aliyekuwa akipokea simu na kuiandika ile orodha.

"Mwalimu mkuu anapiga saa kumi na moja, sauti ya usingizi, anasema tumefunga. Unaandika 'wamefunga'. Huandiki 'shule inawaletea uzoefu mpya wa kukaa nyumbani'," anasema.

Orodha yake ina hukumu tatu. "Wazi" maana yake ingia, chaji, nenda. "Chimba" maana yake njoo na chepe, nayo huambatana na dakika. "Usiende" haihitaji maelezo. Pembeni huongeza neno moja au mawili akipenda. Siku tuliyofuatana naye, kituo cha Portage kiliandikwa "wazi, kebo imekakamaa, vaa glavu mbili". Cha Ashern kiliandikwa "chimba, dakika kumi, au kumi na tano kama unapenda kulalamika".

Hawezi kuzungukia vituo thelathini na nane peke yake. Vituo sita vya mjini anavipitia mwenyewe kabla ya kwenda ofisini. Vingine anavipata kupitia kundi la simu lenye watu ishirini na wawili: madereva wa tingatinga, wauza duka, msichana wa kituo cha mafuta, Edith. Nestor ndiye aliyewaingiza madereva wenzake. Hakuna anayelipwa. Aliyetuma picha nyingi zaidi kwa mwezi anapelekewa sinia la perogi, vitumbua vya unga vya kuchemsha vilivyojazwa viazi na jibini, anazozipika mama yake Rhonda, ambaye hana hata gari.

"Kundi lina matusi kuliko taarifa," anasema Nestor. "Lakini picha zinafika. Sisi ndio tunaofukia, sisi ndio tunaojua palipofukiwa. Nani mwingine angeulizwa? Miaka kumi na minne nasukuma theluji, huyu ndiye mtu wa kwanza wa ofisini aliyeniuliza ninaipeleka wapi."

Mwishoni mwa Januari Rhonda alihesabu. Mibofyo ilikuwa imeporomoka kutoka elfu arobaini na moja mpaka elfu tisa na mia mbili. Lakini Desemba, kati ya wote waliogusa tangazo, waliochaji walikuwa elfu moja mia moja na themanini. Januari walikuwa elfu mbili na mia tisa.

"Yaani Desemba watu mia wakija, watatu wanachaji, tisini na saba wanatutukana. Januari mia wakija, thelathini na mmoja wanachaji. Hesabu hii hata binti yangu mdogo anaiweza, na hesabu anaichukia."

Ofisini mambo yalisomwa vingine.

Mkurugenzi wa Bisonvolt, Kirk Thiessen, alikuwa amewaajiri washauri kutoka Toronto walinganishe utendaji wa mtandaoni wa kampuni tano za kuchaji magari. Ripoti yao, kurasa arobaini, ilipima wafuasi, mibofyo, video, kasi ya kujibu maoni, na mara ambazo watu wanasambaza habari za kampuni. Desemba Bisonvolt ilikuwa ya pili. Januari ikashika mkia.

Ripoti ilisema ukurasa wa kampuni umejaa "picha zenye kuvunja moyo" na "lugha ya ukali isiyo na ukarimu". Ilipendekeza video za familia zenye furaha zikiwa safarini. Neno theluji halimo humo hata mara moja. Rhonda alilitafuta.

Kasi ya kujibu maoni ya Desemba ilipewa alama za juu kabisa, kwa kuwa mashine ilikuwa ikijibu kila mtu ndani ya sekunde mbili. Alama hizo zilijumuisha majibu ya aina aliyopewa Edith mwezi mmoja baadaye.

Thiessen si mtu wa kujificha. Anapokea simu mwenyewe. "Kampuni gani duniani inaamka asubuhi kutangaza ubovu wake?" anauliza. "Nina wenye hisa watano. Wanaona picha ya kituo chao kimefukiwa, wananipigia mimi. Hawampigii Rhonda. Nimewaandikia wenye maduka barua kuhusu theluji. Wanajibu taratibu. Wengine watajibu majira ya kuchipua, wakati haina maana tena."

Kuhusu takwimu za Rhonda hana ubishi. "Ni sahihi. Lakini ripoti zote za sekta hii zinapima mibofyo. Mwenye fedha anasoma ukurasa wa kwanza, anaona sisi ni wa tano, anafunga."

Ndipo ikaandikwa ile karatasi. Kila kitakachotumwa mtandaoni kwa jina la kampuni kitapitiwa na washauri saa ishirini na nne kabla. Anayekiuka ameacha kazi kwa hiari yake.

Rhonda anapata dola elfu hamsini na mbili kwa mwaka kabla ya kodi. Binti yake mkubwa, Janelle, yuko mwaka wa pili chuoni. Mdogo, Kaya, bado yuko sekondari, na gari la nyumba nzima ni moja. Alipoulizwa siku ya Alhamisi kama anaogopa, alikuwa jikoni anakanda unga wa bannock, mkate bapa usio na hamira. Aliendelea kukanda.

"Naogopa kodi ya nyumba. Kirk simwogopi."

Kaya, aliyekuwa akijifanya anasoma, akadakia: "Mama, saini halafu endelea kutuma. Watu wote wanafanya hivyo."

"Watu wote wapi?"

"Duniani."

"Mimi jina langu nikiliweka kwenye karatasi, nimeliweka. Ndiyo maana siliweki. Leta siagi."

Kikao cha Ijumaa kilichukua dakika ishirini na tano. Rhonda na Thiessen wanakisimulia kwa namna moja, isipokuwa juu ya nani alianza kupandisha sauti.

"Kaa, Rhonda."

"Nimesimama vizuri, bosi."

"Ni karatasi moja tu. Washauri wapitie kwanza. Saa ishirini na nne."

"Saa ishirini na nne kabla, theluji yenyewe haijaanguka."

"Basi tuma mambo ya jumla."

"Kama yapi? Huenda kuna chaja?"

"Usinichezee. Unajua tumekuwa wa ngapi?"

"Wa tano."

"Kati ya wangapi?"

"Watano. Kuhesabu najua."

Rhonda akaweka mezani karatasi yake mwenyewe, ya ukurasa mmoja: mibofyo upande huu, magari yaliyochaji upande ule. Thiessen akasema ripoti haipimi hivyo.

"Inapima nini, basi? Ni watu wangapi tumewadanganya, na kwa haraka gani?"

Hapo ndipo sauti zilipopanda. Mhasibu, aliyekuwa chumba cha pili, alifunga mlango wake.

Thiessen alimkumbusha kwamba amri ya Oktoba aliitoa yeye, na keki aliila. Rhonda akasema ndiyo, na ndiyo maana anaijua ladha yake. Akamwambia kuwa mwanamke mmoja aliletwa na tangazo lake mpaka kwenye mlima wa theluji, katika baridi inayoua, na mashine ikamtakia safari njema. Akasema hawezi kuweka saini mahali panapomtaka arudie. Wakitaka kumfukuza, waseme wamemfukuza: wasiandike kwamba ameacha mwenyewe.

"Andika 'amefukuzwa kwa kusema chaja imefukiwa'," alimwambia. "Nitaitia fremu."

Kisha akaisukuma karatasi ya washauri irudi upande wa pili wa meza, bila saini, na kusubiri.

Thiessen anakiri alimfikiria mama yake. "Mama yangu ana miaka sabini na mmoja na anaendesha gari la umeme kutoka Steinbach," anasema. "Matangazo yetu hayaangalii. Anaisoma ile orodha na chai yake. Nilikuwa najiuliza nitamwambia nini Jumapili."

Uamuzi ulitoka siku hiyo hiyo, na haukuwa mtamu kwa mtu yeyote. Matangazo ya kulipia yamekwenda kwa washauri wa Toronto. Cheo cha ofisa masoko kimekwenda nayo. Rhonda amebakishwa siku tatu kwa wiki badala ya tano, na mshahara umeshuka hadi dola elfu thelathini na moja. Orodha itaendelea kwa jina la kampuni mpaka tarehe thelathini Aprili, mpaka theluji iyeyuke. Hakuna atakayeipitia kabla.

"Sikumfukuza," anasema Thiessen. "Tafadhali liandikwe."

Wapo wanaosema ameshindwa. Edith ni mmoja wao, na amemwambia usoni. "Umepoteza siku mbili na dola elfu ishirini na moja, mdogo wangu. Mimi ningesaini."

"Wewe ungesaini?" Rhonda alimuuliza.

"Nisingesaini. Lakini ningelia zaidi yako."

Rhonda hajalia mbele ya mtu. Amepata kazi ya Jumamosi ya kupokea simu katika kampuni ya kuvuta magari yaliyokwama, ambako, anasema, nusu ya wanaopiga ni wateja wa kampuni za kuchaji. Janelle amechukua zamu mbili zaidi kwenye duka la donati. Familia imeahirisha kununua tairi mpya, jambo ambalo mama aliyeuza matangazo ya matairi redioni kwa miaka kumi na moja analisema kwa uchungu kuliko lile la cheo.

Na hizo siku mbili alizopunguziwa ameshazipangia kazi.

Anataka orodha iwe ya mwaka mzima, na iwe ya kila mtu. "Kirk anafikiri theluji ikiyeyuka matatizo yameisha. Theluji ikiyeyuka wanakuja wezi wa shaba. Julai iliyopita kebo tisa zilikatwa, na simu ziliendelea kusema wazi. Dereva anafika anakuta nguzo haina mkono." Anataka Mei mosi orodha ianze kutoka kwa jina lake mwenyewe, ikiwa na vituo vya kampuni zote tano, kuanzia Winnipeg mpaka Thompson, ili anayekwenda kaskazini asilazimike kuamini tangazo la yeyote, likiwemo la Bisonvolt.

Madereva wa tingatinga wamekubali kuendelea, ingawa majira ya joto wengi wao watakuwa wakikata nyasi katika maegesho yale yale. Nestor ameuliza kama perogi nazo ni za mwaka mzima. Ameambiwa amuulize mama.

Rhonda ameziandikia zile kampuni nne pinzani, barua moja fupi kwa kila moja, akiomba namba ya mtu wa kumpigia kituo kinapoharibika. Mbili hazijajibu. Moja imekubali na kumpa namba. Ya nne, iliyoshika nafasi ya kwanza katika ripoti ya washauri, imemjibu kupitia mwanasheria: asithubutu kutaja vituo vyao popote bila idhini ya maandishi.

Barua hiyo ameibandika kwenye friji, chini ya ratiba ya mitihani ya Kaya.

"Nguzo zao ziko hadharani, kila apitaye anaziona," anasema. "Kusema nilichokiona, naomba idhini ya nani?"

Jumatatu, mojawapo ya siku zake mbili za kutokwenda kazini, ameanza majaribio na watu ishirini na wawili wa kundi lake. Ameulizwa ni kituo gani alichokiandika cha kwanza.

"Cha yule aliyeniletea mwanasheria," anajibu. "Nilikwenda mwenyewe, saa moja asubuhi. Nilitamani kweli nikikute kimefukiwa, sitadanganya. Nikakuta kimefagiliwa mpaka lami inaonekana, chaja nne, zote zinafanya kazi. Nikaandika 'wazi'."